Feni Iliyokuwa Ikihema

Petronila anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa Karatu, na si mtu wa kuzua mambo. Anauza dawa za mifugo. Kila Jumanne na Ijumaa hupakia maboksi yake kwenye gari dogo la mtumba, akapita geti la hifadhi, akapanda msitu, akauzunguka ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, mpaka kijiji cha Nainokanoka. Huko wafugaji humsubiri dukani, na dada yake Clara humwekea chai. Clara anaishi huko na mumewe Obed, mwalimu. Mwaka huu, baada ya mimba mbili kuharibika, ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tisa. Ukoo mzima ulijua, na ukoo mzima ulinyamaza. Hakuna aliyethubutu kununua hata kofia ya mtoto.

Kelele ilianza siku ya jua, barabara kavu. Petronila alipowasha feni ya AC namba moja, nyuma ya dashibodi upande wa abiria kulisikika tiki, tiki, tiki. Namba mbili, mlio ukaenda mbio. Namba nne, ukawa mngurumo. Kwa dereva wa mjini hiyo ni kero tu. Kwa anayepita ukingo wa kreta ni suala la uhai, maana huko ukungu hushuka hata mchana, kioo cha mbele hutoka jasho kwa ndani, na bila feni ya kukipuliza unaendesha kama kipofu.

Alilipeleka gari kwa Bonaventura, fundi mwenyeji wa Singida ambaye ana gereji jirani na njia ya Mbulu.

"Fundi, feni inagonga."

"Inagonga au inalia?"

"Kuna tofauti?"

"Ikigonga, kuna kitu kimenasa kwenye panga. Ikilia kama panya, bushi za mota zimelika. Ikiongea, dada Petro, mpelekee mchungaji, mimi simo."

Fundi alichomoa droo ya dashibodi, akalala chali miguuni pa kiti cha abiria, akafungua skrubu tatu na kushusha mota pamoja na panga lake la duara. Ndani mlikuwa na majani makavu, unyoya, na uzi mwekundu wa shuka la wafugaji uliojizungusha kwenye shafti. Bonaventura aliukata kwa wembe. Akaiunga mota moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya mbili, akaisogeza sikioni. Ilizunguka kimya, safi kabisa.

Alipokuwa anainuka, kiwiko chake kiligonga jiwe bapa lililokuwa sakafuni.

"Na hili?"

"Hendibreki imelegea. Nakingia tairi."

"Ungeniambia nikaze, badala ya kutembea na mlima."

Jiwe hilo Petronila alikuwa amelitoa ukingoni, siku aliyonasa kwenye tope pale kwenye kona kali. Kando ya barabara palikuwa na lundo la mawe. Akachukua kadhaa, akayapanga chini ya tairi, akatoka. Bapa lile akaondoka nalo, maana jiwe zuri la kukingia tairi halipatikani kila siku. Dereva yeyote asiyejua habari za lundo lile angefanya hivyo hivyo.

Jioni ile, akirudi nyumbani, aliwasha feni namba moja. Haikugonga.

Ilihema.

Alidhani ni upepo wa dirishani, akapandisha vioo. Ilivuta ndani, ikatoa nje, ikatulia kidogo, ikavuta tena. Feni haipumziki kati ya mzunguko na mzunguko. Hii ilipumzika. Akaweka namba mbili, ikahema haraka zaidi. Akaweka namba nne, na sasa ilikuwa pumzi ya mtu anayekimbia, mdomo wazi, kifua kikikwaruza. Alizima kwa kiganja kizima.

Swichi ikiwa sifuri, ilihema mara moja zaidi.

Kesho yake Bonaventura aliishusha tena mota. Kwenye betri ilikuwa kimya. Akairudisha garini, akawasha, akainamisha kichwa kusikiliza. Tabasamu lilimwondoka taratibu.

"Njia ya hewa imeziba mahali," alisema, lakini hakumtazama.

"Itoe."

"Mota yote?"

"Yote. Acha tundu."

Aliifunga kwenye gazeti, akaiweka rafuni, akaahidi kuagiza nyingine Arusha. Petronila alichukua matambara mawili ya kufutia kioo, akasema atapita njia yake siku za jua tu.

Asubuhi iliyofuata simu ikaita. Alikuwa Clara, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mdogo wangu, uchungu umeanza. Obed yuko Arusha kwenye semina. Nesi wa zahanati anasema nishuke hospitali sasa hivi, na gari la wagonjwa limetangulia na mtu mwingine."

Petronila hakuangalia hali ya hewa. Aliondoka na kandambili miguuni.

Kwenda, ukingo ulikuwa wazi, kreta yote chini inang'aa. Alimkuta Clara ameshajifunga kitenge, amekaa kwenye ngazi ya zahanati. Yeye na nesi walimweka kiti cha mbele, wakakirudisha nyuma ili tumbo lipate nafasi. Nesi alimpima, akasema mapigo ya mtoto yapo. "Lakini msisimame njiani."

Ukungu uliwapokea kwenye miti ya kwanza.

Haukuja kidogo kidogo. Barabara ilikuwepo, kisha haikuwepo. Petronila aliwasha taa, akapunguza mwendo, akaanza kufuta kioo kwa mkono mmoja. Clara alikuwa anaguna kwa meno yaliyobana.

"Washa feni, Petro."

"Haipo. Niliitoa."

Clara aligeukia matundu ya dashibodi. Kisha akanong'ona:

"Sasa hiyo ni nini?"

Hewa ilikuwa inatoka kwenye matundu. Ilikuwa ya moto na yenye unyevu, na ilinuka maziwa na moshi. Ilivuta ndani. Ikatoa. Ikatulia. Petronila alitazama swichi, ilikuwa kwenye sifuri. Akainama, akatazama chini ya dashibodi. Tundu lilikuwa wazi. Nyaya zilining'inia, hazikushika kitu.

Kila pumzi ilipotoka, kioo kilijaa weupe. Alifuta. Kikajaa. Alifuta tena. Tairi la kushoto lilikanyaga majani, na upande ule hakuna ukuta, kuna kreta tu.

Alisimamisha gari.

Clara alikuwa anatazama miguuni pake. "Hili jiwe umelitoa wapi?"

"Pale kwenye kona. Kuna lundo."

"Petro." Sauti ilikuwa ya mtu anayeongea ndani ya kanisa. "Pale mtoto wa jirani yangu Nashipai aligongwa na gari kwenye ukungu, akiswaga ndama, peku. Gari halikusimama. Alilala pembeni ya barabara anahema, anahema, mpaka walipomwona, na hawakumuwahi. Anayepita huongeza jiwe. Hakuna anayeondoa."

Matundu yalihema katikati yao.

"Lirudishe," Clara alisema.

Kona haikuwa mbali. Walifika kwa mwendo wa kutambaa, Petronila ametoa kichwa dirishani. Alishuka na jiwe kifuani. Lundo lilikuwa pale, dogo kuliko alivyolikumbuka, na upande mmoja ulikuwa na pengo, pengo lake yeye. Alilitua jiwe katikati ya pengo. Alisema samahani kwa Kiswahili, kisha kwa Kichaga, hakujua lugha ipi ingesikika.

Aliporudi, gari lilikuwa kimya. Kioo kilikuwa kimekauka. Hata mti wa mbele ulionekana. Aliketi, akashika ufunguo, machozi ya nafuu yakimtoka.

"Petro, usiondoke."

Mikono yote miwili ya Clara ilikuwa juu ya tumbo.

"Ametulia."

"Nani?"

"Mtoto. Alikuwa anacheza njia nzima. Ulipoliweka tu, akatulia."

Walingoja. Clara alijibonyeza ubavuni, akajitikisa, akajibonyeza upande wa pili. Hakuna kitu. Petronila aliweka kiganja chake pale. Ngozi ilikuwa moto, lakini ndani hapakuwa na mtu. Clara aliujua utulivu ule. Alikuwa ameshakutana nao mara mbili.

"Kalichukue," alinong'ona.

"Dada, hujui unachoomba."

"Najua. Kalichukue."

Petronila akisimulia, hapa huchezea kifuniko cha chupa, kisha huendelea. Anasema alitembea mpaka kwenye lundo. Hakuomba, kwa sababu hakujua aombe nini na kwa nani. Aliinama. Jiwe alilolitua muda mfupi tu uliopita kwenye majani yenye baridi lilikuwa na joto, kama kitu kilichotolewa kwapani mwa mtu.

Alilibeba. Akaliweka miguuni pa dada yake. Akafunga mlango.

Pumzi ilikuja. Ndefu. Na kitenge cha Clara kikainuka, kikatingishika, kisigino kidogo kikapita chini ya kitambaa kutoka kushoto kwenda kulia.

Waliteremka na pumzi ile. Kioo kilijaa na kukauka, kikajaa na kukauka, na Petronila alijifunza kwenda pale kinapokauka na kusimama pale kinapojaa. Msitu ulipoisha na ukungu ukabaki juu, matundu yalinyamaza. Clara akapiga kelele yake ya kwanza ya uchungu, kelele ya kawaida ya mama, na mtoto alikuwa bado anapiga mateke.

Clara alijifungua muda mfupi baada ya kufika hospitali. Mtoto wa kiume, kilo tatu na ushee, alilia mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakacheka. Petronila alipiga simu kwa Obed, akamwekea tu ile sauti asikie.

Kisha nesi wa zamu, dada mmoja aitwaye Ritha, akamwita Petronila pembeni ya kitanda. Alikuwa na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mkononi.

"Njoo unisaidie kuona. Nimefuta mara mbili, nilidhani ni uchafu."

Alikuwa ameishika miguu ya mtoto, ameigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nyayo zilikuwa ngumu. Visigino vilikuwa na sugu, na ndani ya sugu mipasuko, na ndani ya mipasuko vumbi jekundu lililogoma kutoka, nyayo za mtu aliyetembea peku miaka mingi.

Clara alinyoosha mkono kutoka kitandani, akavuta kitenge, akazifunika.

"Ni wangu," alisema, kabla hajaulizwa.