Kanuni ya Kumi na Tatu na Nusu

Itangazwe kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba mwandishi wa habari hizi ndiye aliyekuwa Hakimu Mkuu wa Vita vya Mazimwi, Mlinzi wa Kitabu cha Kanuni na Mwamuzi asiyekatiwa rufaa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, soksi moja isiyo na tundu, na kitanda cha juu karibu na mlango wa bafu. Wenzangu waliniita Wakili, kwa sababu sikuwahi kukosa neno.

Siku zetu za bweni zilifanana kama mapacha. Kengele ililia alfajiri, tukapanga foleni ya bafu, tukatandika vitanda, tukafanya usafi, tukanywa chai, tukaenda darasani. Bafu lilikuwa moja kwa mabweni mawili, letu la Juu na lile la Chini. Kulisugua ilikuwa kazi ambayo kila mtu alimtakia mwenzake.

Mwanzoni mwa muhula Twiga, mvulana aliyeinama kila alipopita mlangoni, alirudi kutoka likizo na gemu ya mkononi ndani ya boksi la sabuni. Ndani ya gemu hiyo mlikuwa na mchezo wa kadi, mazimwi wakipigana. Tulicheza kwa zamu siku tatu. Siku ya nne aliingia matroni, mama anayesikia kitanda kikilia hata akiwa uwanjani. Alinyoosha mkono, na gemu ikaenda kulala kwenye droo ya ofisi yake.

Gemu ilikwenda, mazimwi wakabaki vichwani. Tukakata maboksi, tukachora kadi, tukazipaka rangi. Tatizo likawa kanuni. Nani anazijua zote? Nikasema mimi, maana niliyasoma maelezo yote kwenye skrini, neno kwa neno. Ukweli ni kwamba zamu yangu ilidumu dakika kumi, na nane kati ya hizo nilikuwa nikibonyeza kitufe kisichofaa. Lakini maji yalikwisha kumwagika, na Twiga alikumbuka mengi, kwa hiyo nikaandika.

Kila mchezaji ana kadi ishirini. Kila zimwi ana alama za uhai na alama za pigo. Maji huzima moto, moto huteketeza majani, majani hunywa maji. Zamu moja, pigo moja. Zimwi aliyechoka hulazwa, yaani kadi yake hugeuzwa kiubavu, na hapigi mpaka zamu inayofuata. Ukipoteza mazimwi watatu, umeshindwa. Zilikuwa kanuni kumi na nne, na daftari nililikalia mimi kama kuku na mayai yake.

Ndipo mabweni mawili yakakubaliana kushindana. Watakaoshindwa watasugua bafu muhula mzima. Sisi tulimtoa Twiga. Bweni la Chini lilimtoa mvulana aliyeitwa Polepole, ambaye hata kufunga kamba za viatu alikuwa akitafakari kwanza. Tulicheka sana. Polepole hakucheka. Kwa wiki tatu alikaa na kadi zake kila baada ya chakula, akihesabu kwa vidole.

Jumamosi ya fainali ukumbi ulijaa. Hakimu alikuwa mimi, na hakuna aliyeuliza kwa nini hakimu alale bweni moja na mchezaji. Mwishoni Twiga alibaki na zimwi mmoja, Nyoka wa Moto, uhai thelathini, tena amelala. Polepole alimtazama, akatazama kadi zake, akahesabu mara tatu, kisha akaweka mezani Kobe wa Maji mwenye pigo la arobaini. Alimgusa Nyoka kwa kidole. Kila mtu aliona kwamba mambo yamekwisha.

Mimi niliona bafu. Niliona brashi, ndoo na ule ukoko wa kijani pembeni mwa mfereji. Nikainua mkono, nikafungua daftari na kusoma kwa sauti ya hotuba: zimwi aliyelala, akipigwa, huamka bila kuumia na kurudisha pigo mara mbili.

Kobe alikufa. Kwa Polepole alikuwa wa tatu kupotea.

Polepole aliomba kuiona kanuni hiyo. Nikamjibu kwamba kitabu cha hakimu hakishikwi wakati mchezo uko mezani. Jioni nikaiandika, nikaibana kati ya kumi na tatu na kumi na nne, nikaiita ya kumi na tatu na nusu. Asubuhi nikamwonyesha.

Aliisoma taratibu, akanirudishia daftari. "Nisamehe, Wakili," akasema. "Usiku nilikudhania vibaya."

Nilimwambia hakuna neno. Chai ya asubuhi ile ilikuwa na sukari ya kutosha, lakini sikuimaliza.

Bweni la Chini halikusamehe. Walisema aliyewaponza ni Polepole, basi asugue peke yake. Kila asubuhi alifika darasani mwisho, suruali imelowa hadi magotini, mikono ikinuka dawa ya choo. Siku ya kumi na mbili akaniletea kadi zake zimefungwa kwa mpira. Akasema nimpe yeyote, yeye mchezo huu hauwezi.

Matroni alikuwa amesimama nyuma yetu. Alimuuliza Polepole kwa nini anasugua bafu la watu arobaini peke yake. Akajibu kwamba ndizo kanuni. Matroni akaniambia nimletee hizo kanuni ofisini.

Alizisoma zote amesimama. Kisha akafungua droo na kutoa gemu ya Twiga. Siku ilipochukuliwa betri yake ilikuwa imekaribia kwisha. Sasa ilikuwa imejaa.

"Mama," nikasema, "kumbe na wewe unacheza?"

"Hapa anayeuliza ni mimi." Alibonyeza vitufe upesi kuliko yeyote bwenini, akanielekezea skrini. Zimwi mmoja alikuwa amelala. Mwingine akampiga. Aliyelala akapotea. "Amekufa usingizini," akasema. "Nimefika ngazi ya thelathini na moja, sijaona hata mmoja akiamka. Hii nusu umeitoa wapi?"

Nikasema nilikosea kunakili.

Matroni aliketi. "Mimi nilipigwa mara tisa kabla sijazielewa kanuni hizi, kwa hiyo kukosea nakujua. Anayekosea hukosea hata pale anapoumia mwenyewe. Wewe umekosea mahali pamoja tu, pale palipokuokoa. Sikiliza, mwanangu. Kanuni ni ya wote wanaocheza. Mtu mmoja akiificha na kuifungua anapotaka, hiyo si haki tena, na anayeumia ni yule aliyekuamini. Daftari hili litaning'inia mlangoni pa ukumbi, kila mtu alisome, na hakimu atatoka bweni lisilocheza. Hayo nitayafanya mimi. Lako unalijua."

Nililijua. Nilitamani nisilijue.

Asubuhi iliyofuata foleni ya mabweni yote mawili ilikuwa imesimama nje ya bafu. Ndani Polepole alikuwa amepiga magoti kando ya mfereji. Nikatangaza kwamba kulikuwa na hitilafu ndogo ya kunakili katika kanuni fulani. Wengine wakaguna. Polepole aliinua kichwa.

"Ilikuwa wapi?" akauliza. "Niliisoma. Ilikuwa imeandikwa."

Angenitukana ingekuwa rahisi. Nilitafuta neno, mimi Wakili, na kwa mara ya kwanza nikapata moja tu, lile la kweli.

"Niliiandika jioni," nikasema. "Wakati wa fainali mahali pale palikuwa patupu. Nilisoma hewa."

Twiga alitazama miguu yake. Polepole alifikiri, na kama kawaida yake hakuharakisha.

"Basi nilishinda," akasema.

"Ulishinda."

Akasimama, akakamua suruali yake, akanipa brashi. Kisha akanyoosha mkono wa pili kudai kadi zake.