Kivuli cha Mstari wa Nne

Kaa chini, jivute karibu, na hiyo simu izime kwanza. Habari ya Vumilia haisikilizwi nusunusu.

Kule Mwakitolyo kuna grinihausi ya nyanya, imejengwa juu ya duara la zamani, shimo la dhahabu lililomfukia mume wake, Boaz. Binti yao Mariana alikuwa na siku arobaini tu. Boaz hakutolewa. Tajiri mwenye shimo akamwaga kifusi, juu udongo, akapanda nyanya. Vumilia akaomba kibarua humohumo, maana kaburi lingine la kukaa karibu nalo hana, na mtoto, sasa ana miezi tisa, anataka kula.

Mitambo ilikuwa ya Deusdedit, kijana wa chuo. Kila mstari kaweka vipima mwanga viwili, kimoja juu ya majani, kingine chini. Juu likipiga jua mia, chini likafika thelathini, basi majani yamekula sabini, na laptopu inakadiria mavuno.

Sasa mstari wa nne, ule ulio juu ya mdomo wa duara, ukanyauka. Wakang'oa miche yote, ukabaki udongo mtupu. Lakini saa sita mchana laptopu ikaonyesha: sabini imeliwa.

"Hicho kipima kimekufa," Vumilia akasema.

"Nimebadilisha mara mbili, Mama Mariana." Deusdedit akashusha sauti. "Kuna kitu kimesimama pale. Kirefu kama mtu."

Kesho yake kikawa mstari wa tatu. Keshokutwa wa pili, saa ileile ya jua la utosi, na harufu ya baruti ikatanda humo ndani, na chini ya udongo ikasikika ngo, ngo, ngo, kama nyundo inagonga mwamba, na Vumilia akaganda na ndoo yake mkononi, kwa sababu mstari wa kwanza, ambao bado haujapandwa miche, ndipo anapomlazaga Mariana kwenye kanga.

Akaletwa Mbuke, mganga wa Maganzo, bibi mwenye usinga wa mkia wa ng'ombe.

"Mumeo kashikwa na jini la shimo, anamfuata mtoto," akanong'ona. "Tukichinja, mwite jina alilopewa na mama yake, umwambie arudi. Jina lake tu. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, bibi."

Mbuzi akachinjwa saa sita, damu ikanywewa na udongo kama maji, nailoni ya paa ikaanza kupumua, ndani, nje, ndani, nje, na Vumilia akafungua mdomo, na mke gani wa kwao anamwita mumewe jina kavu, likamtoka lile alilozoea kumwita nyumbani:

"Baba Mariana, rudi shimoni."

Usinga ukamdondoka bibi. "Umemtaja na mtoto."

Harufu ikakata. Kugonga kukakoma. Deusdedit akachungulia laptopu, akacheka kidogo. "Mstari wa pili mweupe. Kimeondoka." Halafu kicheko kikamkauka. Mariana alikuwa amelala palepale mstari wa kwanza, tumbo lake juu ya kipima cha chini.

"Kinasoma mia," akasema. "Kakilalia kabisa, na kinasoma mia."

Vumilia akamnyanyua mwanae juani. Anapumua, anatafuta ziwa. Chini, kwenye udongo, kivuli cha mama peke yake, mikono imekumbatia hewa.

Na kule mstari wa nne namba zikaanza kushuka tena, kidogokidogo. Kitu kifupi, kiko chini chini, kinatambaa.

Ungekuwa wewe, ungeshika sururu ukachimba, au ungembeba hivyohivyo ukakimbia?