Bipu ya Pili

Mume wa dada yangu tunamwita Injinia. Hajawahi kujenga hata banda la kuku. Anauza vigae kwenye duka la mtu, lakini mkalishe penye watu watatu tu, atamfundisha daktari udaktari na mpishi upishi. Debe tupu lililovalishwa tai. Tena hapigi hodi. Anaingia kwenye nyumba za watu kama upepo, anafunua sufuria, anauliza, "Mmepika nini leo?"

Umeme ulipoanza kukatika kila siku, Injinia akajipa kazi mpya: kuokoa betri za ukoo mzima.

"Mtandao wa kasi unakula chaji kama mchwa," alituambia, kidole hewani. "Weka 2G. Wenye akili ndivyo tunavyofanya."

Akazichukua simu zetu bila kuomba. Ya dada, yangu, na ya Mama. Zote akazirudisha kwenye mtandao wa zamani. Yangu niliiacha hivyo hivyo kwa sababu, inaniuma kusema, chaji ilikaa kweli. Ila kila kitu kilichelewa. Ujumbe wa asubuhi ulifika mchana, umechoka.

Wiki hiyo hiyo Mama akaanza kukataa kufungua geti jioni.

Hapa lazima nieleze. Baba yetu alikuwa mtunza stoo ya dawa, na funguo za stoo zililala naye. Kuna jioni wezi walimfuata mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo akaweka sheria: akifika getini anambipu Mama. Bipu moja, fungueni, nimefika. Bipu mbili, msifungue, siko peke yangu. Tumekua na sheria hiyo kama watoto wengine wanavyokua na sala ya kulala.

Baba alishakufa. Tulimzika wenyewe. Laini yake ilifungwa zamani.

"Baba yenu anabipu," Mama aliniambia, kwa sauti ya chini. "Giza likianza kuingia. Mara mbili. Kila siku mara mbili."

Mimi ni fundi wa mapazia, mambo ya mizimu siyapi nafasi. Nilijua kuna mhuni ameuziwa namba ya Baba na anachezea mjane wa watu. Lakini Injinia alishapata lake la kusema.

"Uzee huo. Nyumba imemshinda. Ahamie kwangu, ile tuipangishe."

Na dada, ambaye mbele ya mumewe huwa hana mfupa mwilini, akaanza kukubali. Nilikasirika. Mama alizimwagilia maji kuta za nyumba ile yeye mwenyewe zilipokuwa zinajengwa, leo atolewe na muuza vigae? Nikaapa nitamkamata huyo mhuni kabla hawajambeba Mama na kitanda chake.

Basi jioni moja nikafunga kazi mapema, nikampelekea Mama mishumaa. Nilifika jua bado lipo, akanifungulia. Sijakaa vizuri, Injinia huyo ndani. Alikuwa ameingia nyuma yangu kabla geti halijafungwa. Bila hodi, kama kawaida yake.

"Nimekuja kuumaliza huu upuuzi," akasema, akajitupa kwenye kiti cha Baba.

Mama akaenda kufunga geti kwa komeo. Akarudi, akaweka simu yake katikati ya meza. Tukakaa.

Mwanga ukapungua dirishani. Jenereta ya jirani ikakohoa... ikazima. Hapo ndipo nilipoisikia harufu. Udongo. Udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi. Nikadhani ni mvua. Nje kulikuwa kukavu.

Simu ikawaka.

"Baba Watoto." Jina la Baba, Mama hajalifuta.

Ikalia. Ikakata.

Nilishtuka, na nikajichukia kwa kushtuka. Mama hakushtuka. Aliinua mkono kama anayenyamazisha watoto.

"Subirini ya pili," akanong'ona.

Injinia akacheka. "Mama, si moja hiyo? Kwa sheria zenu wenyewe mzee anasema fungueni! Ngoja nikamshike huyo kijana."

"Mwanangu, kaa. Mtandao huu unachelewa. Subiri kidogo tu."

"Mama, mtandao huo nimeuweka mimi."

Akatoka, simu yake mkononi ikimmulikia njia. Ningeweza kumzuia. Lakini nilitaka aumbuke, akumbane na huyo mhuni, achapwe kidogo. Nikabaki nimekaa.

Tulisikia komeo likivutwa. Tukamsikia akipaza sauti kwa dharau yake ile ile, "Karibu mzee! Umechelewa chai!" Akacheka.

Kicheko kikakatika katikati.

Mezani, simu ikawaka tena.

Bipu ya pili.

Mama akajifunika uso kwa kanga. Mimi niliitazama ile simu mpaka ikazima mwanga wake. Nje, geti likafungwa taratibu. Komeo likarudishwa. Nyayo zikaja, hazina haraka, zikasimama mlangoni.

"Hakuna mtu," Injinia akasema kwa upole. Kisha akauliza, "Naweza kukaa?"

Injinia! Kuomba kukaa!

Mama alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Injinia akabaki kizingitini, mikono imening'inia, na ile harufu ya udongo ikaingia naye.

"Simu yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Imeanguka."

Kesho yake nilipekua pale getini kila jani. Simu haikuwepo. Ukipiga, haipatikani.

Tangu siku hiyo dada yangu anashukuru Mungu. Mume amebadilika! Hasemi hovyo. Haulizi kumepikwa nini. Anaosha vyombo, halafu anakaa gizani ametulia. Habari ya kumhamisha Mama haijatajwa tena. "Labda alihitaji kutishwa kidogo," dada alisema akicheka, na mimi nikamtazama nikijiuliza inawezekanaje mtu alale na mwanamume miaka yote hiyo asijue anapobadilishiwa.

Nilitaka kurudisha simu yangu kwenye mtandao wa kasi. Mama akanishika mkono.

"Iache hivyo hivyo," akasema. "Baba yako haoni njia nyingine ya kutufikia. Na sasa hayuko peke yake huko."

Nilimwambia anaanza kuzeeka kweli. Lakini simu sikuigusa.

Hayo yote ningeyaita upuuzi mpaka leo, kama si jioni hii.

Niko chumbani kwangu, nimeshona mapazia ya watu tangu asubuhi. Umeme hakuna. Giza ndiyo kwanza linaingia. Nimefunga mlango.

Nimesikia hodi.

Hodi ya adabu, vidole viwili, taratibu. "Shemeji," sauti ikasema. "Dada yako kanituma. Nifungulie."

Nikainuka. Mkono ulishafika kwenye komeo ndipo pua ikaniambia. Udongo mbichi, chini ya mlango.

Injinia hajawahi kupiga hodi maishani mwake.

Juu ya cherehani, simu yangu ikawaka. Jina lililoandikwa ni lake. Injinia. Ile simu iliyopotea.

Ikalia. Ikakata.

Kisha sauti ikaja karibu zaidi, imebanwa kwenye tundu la kitasa.

"Umesikia, shemeji? Moja tu. Fungua."

Nimeondoa mkono kwenye komeo. Nimesimama. Kioo cha simu kimezima, na pua ya viatu vyake naiona kwenye upenyo wa chini, haisogei. Nampigia dada, mtandao unazunguka tu. Mtandao wa kijinga, uliowekwa na mjinga.

Miaka yote nilimdharau yule Injinia wa kweli. Hivi sasa namwomba, popote alipo, abipu mara moja nyingine.