Mwanamke Mrefu wa Kasoli

"Monika, shika hapa mabegani. Inua kidogo, nataka kuona urefu."

Monika alilishika lile gauni jeupe kwa ncha za vidole, kana kwamba lina upupu. Milembe akasogea mbele yake, akajipima. Pindo likampita miguu na kuburuzika sakafuni. Mabegani wangeweza kuingia Milembe wawili, na nafasi ikabaki.

"Haya," Monika akasema, "angalau jambo moja tunalijua. Huyo mwanamke ni mrefu."

"Na mabega yake kama ya mbeba magunia."

"Na kiuno hana. Shosti, mchumba wako anatoka na nguzo ya umeme!"

Milembe alijaribu kucheka, akashindwa. Walikuwa stoo, nyuma ya duka la pembejeo anakouza pale Bariadi mjini, katikati ya mifuko ya mbegu na mabomba ya kupulizia pamba. Novatus, mchumba wake bwana mifugo, alikuwa amemwachia begi lake la kazi na simu inayochaji, akaenda kula. Milembe alifungua begi kutafuta kalamu tu. Chini ya sindano za ng'ombe na chupa za dawa akalikuta gauni, limekunjwa vizuri, limeviringishwa kwenye mfuko mweusi.

"Labda ni zawadi yako," Monika akasema, sasa kwa sauti ya kubembeleza.

"Novatus ananijua. Mwezi uliopita alinichagulia viatu bila kuniuliza namba, vikanikaa."

Simu ya Novatus ikatetema juu ya meza. Wote wawili wakaitazama. Ujumbe ukajifungua wenyewe kwenye kioo, jina likiwa Apolonia Kasoli:

"Gauni umelificha vizuri? Jumamosi saa tisa tunakungoja wote. Mwenzako asijue kabla hujawa tayari kumwambia."

Monika akaketi juu ya mfuko wa mbegu bila kuangalia anapokalia.

"Milembe, Jumapili iliyopita..."

"Najua."

"Tangazo lenu la pili la ndoa halikusomwa."

"Monika, nimesema najua."

Jumapili ile Milembe alikuwa kwaya, amesimama na wenzake wa sauti ya pili, akisubiri jina lake. Mchungaji Mabula akasoma ndoa za wengine, akafunga karatasi, akasema, "Kuna jambo dogo tunaliweka sawa." Kanisa zima likageuka kumtazama Milembe. Novatus akatazama viatu vyake.

Na si hilo tu. Sasa mengine yote yalikuja kwa pamoja. Kila mara meza ya Bwana ilipoandaliwa, mkate ukianza kupita, simu ya Novatus ilikuwa inamwita nje. Kila mara. Milembe alikuwa akijiambia ni wafugaji, ng'ombe wao wanaumwa hata Jumapili. Leo alijiuliza ni ng'ombe gani anajua ratiba ya ibada.

Hatua zikasikika dukani. Monika akalisukuma gauni begini, na Milembe akatoka stoo na begi, simu, na tabasamu ambalo yeye mwenyewe alilisikia lilivyo gumu.

"Umekula?"

"Nimekula. Mbona macho mekundu?"

"Vumbi la mbegu. Novatus, Jumamosi twende kwa mama yangu mdogo?"

"Jumamosi..." Akapokea simu yake, akaisoma, akaitia mfukoni haraka. "Jumamosi nina chanjo Kasoli."

"Asubuhi?"

"Hapana. Saa tisa hivi."

Milembe alizaliwa Lingeka, katika nyumba ambayo watoto walijua kuhesabu ng'ombe kabla ya kujua kuhesabu vidole. Ng'ombe huchanjwa asubuhi, wakiwa bado zizini. Saa tisa wako machungani, na hakuna mwenye akili atakayewakimbiza porini na sindano.

"Ng'ombe gani wanachanjwa saa tisa, Novatus?"

"Wa mzee mmoja. Amesema atawazuia zizini."

"Wasile siku nzima?"

Novatus akakuna shingo. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya. Uongo wake ulikuwa unamkaa kama koti la kuazima. Hicho ndicho kilichomuuma Milembe zaidi, kwamba alikuwa anajitahidi kujifunza.

"Nitakuambia yote, Milembe. Nipe mpaka Jumamosi jioni."

Akaondoka na begi lake.

*

Jumamosi mchana ujumbe uliingia kwa Milembe akiwa anafunga duka mapema.

"Niombee leo. Jioni nitakuja kwenu."

Akajibu: "Nikuombee nini? Sindano zisivunjike?"

Na ukweli ni kwamba hata angetaka kumwombea, asingejua aanzie wapi. Milembe alikuwa haombi. Alifumba macho pamoja na wengine, akafumbua pamoja na wengine. Nyimbo zote alizijua, zilipita ndani yake kama maji yapitayo kwenye bomba, wengine wakanywa, yeye akabaki vile vile. Hakuwahi kumwambia mtu. Ungemwambiaje mtu, na wewe ndiye unayeanzisha pambio?

"Panda," Monika akamwambia, tayari yuko nyuma ya bodaboda. "Leo tunamwona huyo nguzo."

Kasoli kulikuwa kukavu, pamba imeshavunwa, mashamba yamebaki na vijiti. Walipokaribia lambo ambalo ng'ombe wa pale hunywea, wakasikia ngoma. Kisha vigelegele. Kisha wakaona watu wengi wamesimama ukingoni, na katikati yao wanawake waliovaa magauni meupe.

Milembe akamshika Monika bega.

"Harusi," akanong'ona. "Monika, ni harusi."

"Lamboni? Watu wa Kasoli wanaoana matopeni?"

Lakini Milembe hakumsubiri. Aliruka kutoka kwenye pikipiki, akapenya, akakanyaga watu. Msichana ambaye dukani wateja humwambia aongeze sauti, leo alipaza sauti mpaka ng'ombe waliozuiwa upande wa pili wakainua vichwa.

"Apolonia ni nani? Apolonia ajitokeze!"

Ngoma ikanyamaza. Watu wakatazamana. Mama mmoja mnene, kichwa chote mvi, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni, akasogea taratibu, akamsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, mayu. Apolonia ni mimi. Nimekukosea nini, mwanangu?"

Milembe akamtazama. Alikuwa mfupi. Alikuwa mfupi kabisa, hafiki hata begani kwake.

"Gauni... lile gauni refu. Ni la nani?"

Mama Apolonia akageuka kutazama nyuma. Watu wakapisha.

Novatus alikuwa amesimama peku, maji yanamgusa vidole. Gauni jeupe lilimfika kwenye vifundo vya miguu, limemkaa mabegani sawasawa.

Nyuma ya Milembe, Monika akasema taratibu, "Yesu wangu. Nguzo yenyewe."

Watu wachache walicheka. Milembe hakucheka. Alikuwa anaelewa polepole. Na kila alipoelewa kipande, shaka nyingine ilizaliwa.

"Unabatizwa?"

"Ndiyo."

"Wewe umebatizwa. Unaitwa Novatus."

"Hilo jina alinipa mwalimu wa darasa la kwanza; nyumbani naitwa Malimi. Alipoita majina akasema Malimi wamezidi humu ndani, huyu mrefu tumwite Novatus. Likabaki. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kubatizwa, Milembe. Nilipokuja kanisani kwenu kila mtu alisikia Novatus akaona inatosha. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi nikanyamaza."

"Na zile simu? Mkate ukipita?"

"Hakuna aliyekuwa ananipigia."

Swali likamtoka Milembe kabla hajalipima.

"Kwa hiyo unazamishwa ili upate mke. Baba yangu alisema haozi binti kwa asiyebatizwa, nawe ukamtafuta mshonaji. Ndivyo?"

"Mayu," Mama Apolonia akaanza.

"Mwache ajibu!"

Novatus akapanda ukingoni, matope yakimganda miguuni. Hakumshika mkono.

"Mwanzo nilikuja kanisani kwa ajili yako. Sitadanganya tena. Nilikuwa nakaa nyuma nikisubiri kwaya yenu. Baba yangu alipofariki tulifanya yote ya ukoo, nikataja majina ya babu zangu mpaka wa mwisho, na usiku nikalala nikiwa mkavu kama shamba hili. Sikuwachukia babu zangu. Ila nilikuwa na kiu, na sikujua ya nini."

"Basi kiu ilikuwa ya kunipata mimi."

"Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Unakumbuka Jumapili uliyokwenda Nassa kwa shangazi yako? Nilijua haupo. Nikaamka, nikafua shati, nikaja. Nilipofika mlangoni ndipo nikashtuka. Nikajiuliza, Malimi, leo umemfuata nani? Nikakaa. Siku hiyo nikalia, na hakuna hata aliyekuwa anaimba."

Milembe akasogea hatua moja.

"Ungesema."

"Niliogopa. Kisha nikachoka kuogopa. Nikamwendea Mchungaji, nikamwambia asimamishe tangazo."

"Wewe ndiye uliyesimamisha?"

"Ni yeye." Mchungaji Mabula alikuwa ndani ya maji tayari, mikono ya joho imeloa. Akazungumza bila haraka. "Niliona ni haki nimuulize kile unachouliza. Nikamwambia, na huyo binti akikukataa atakapojua? Akanijibu, 'Atanivunja moyo, Mchungaji, lakini wewe nibatize.' Ndiyo maana nikamleta huku, kwa mchungaji mwenzangu wa hapa na Mama Apolonia, afundishwe pasipo macho ya kwenu."

Milembe akatazama chini. Mwaka ule alipokuwa na miaka kumi na minne alizamishwa katika maji kama haya, kwa sababu zamu ya darasa lao lote ilikuwa imefika. Alikumbuka baridi tu, na soda waliyopewa baadaye. Na huyu hapa, mtu mzima, bwana mifugo anayejulikana vijiji vyote hivi, amevaa gauni mbele ya wafugaji wanaomlipa, akiwa tayari kumpoteza yeye.

Wivu ulimpata tena. Safari hii haukuwa wa mwanamke yeyote.

"Novatus."

"Naam."

"Gauni limekukaa. Mama Apolonia anajua kushona." Akaonyesha maji kwa kidevu. "Nenda. Ng'ombe wana kiu, unawachelewesha."

Watu wakaangua kicheko, na ngoma ikarudi. Milembe akafungua khanga yake kiunoni, akasimama ukingoni ameishika mikono miwili.

"Jina lako?" Mchungaji akauliza.

"Malimi. Novatus Malimi Ngassa."

Akamzamisha. Kwa kitambo kidogo hapakuwa na kitu juu ya maji isipokuwa pindo jeupe. Pale, macho yakiwa wazi, Milembe akasema moyoni, *Bwana, na mimi.*

Novatus akaibuka akikohoa, anacheka, matope kwenye nyusi. Milembe akamfunika khanga.

"Nakutogilwe, nakupenda," Novatus akanong'ona, meno yakigongana.

"Nyamaza, utaugua. Halafu ukinidanganya tena kuhusu ng'ombe, nitakurudisha humu mwenyewe."

"Wabeja," akashukuru.

*

Jumapili iliyofuata Mchungaji Mabula alisoma tangazo la pili, majina yote matatu ya bwana harusi, na Monika akapiga kigelegele kabla hajaruhusiwa.

Milembe hakuwa kwaya. Alikuwa ameomba siku moja ya kukaa benchini, kando ya Novatus. Mkate ulipoanza kupita, simu ya Novatus ikatetema mfukoni. Milembe akaisikia. Akasubiri.

Novatus akaizima bila kuitazama.

Sinia la vikombe likafika. Akachukua kimoja, akamshikia Milembe sinia. Milembe alikuwa amekunywa kikombe hicho tangu alipobatizwa, haraka haraka, kama dawa, ili asikose kuanzisha wimbo. Leo hapakuwa na wimbo wa kuanzisha. Akakiinua, akanywa polepole mpaka tone la mwisho, kama mtu aliyerudi machungani jua likiwa limemchoma siku nzima.