Ufa wa Misumari Miwili

Kila asubuhi kabla ya shule, Kobe alipanda ngazi za mawe nyuma ya nyumba akiwa na rula na daftari. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake, mtaalamu wa miamba, kwa kuwa msichana huyo hakuwahi kufika popote bila kusimama njiani kushangaa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupima nafasi kati ya misumari miwili iliyopigiliwa mwambani, mmoja kila upande wa ufa, kisha kuiandika, maana ufa ukipanuka ni dalili kwamba mlima unaamka.

Lakini kisiwa chao cha volkeno kilimteka akili. Mvuke ulitoka mwambani polepole kama pumzi za mtu aliyelala, na mchanga mweusi ulikuwa vuguvugu chini ya nyayo. Kidimbwini yalielea mawe mepesi yenye vitundu, yaliyotemwa na mlima zamani za kale. Kobe aliyasukuma kwa kidole, akiyawazia safari ndefu. Siku tatu mfululizo kengele ya shule ilimkuta palepale kidimbwini, hajafika kwenye ufa. Siku tatu mfululizo akaandika tarakimu ileile: milimita arobaini na moja. Si ndiyo iliyokuwapo mwezi mzima?

Ijumaa alasiri shangazi alifunua daftari mezani.

"Ufa umetulia kabisa. Basi kesho nitalishusha darasa lenu shimoni mwa volkeno, mkaone lava ilivyoganda. Ngoja nimwambie mwalimu wenu."

Kobe akawaona akilini wenzake wakiteremka, wakicheka. Akasukuma kando kikombe cha chai.

"Shangazi, usimwambie."

"Kulikoni?"

"Sikupima. Tangu Jumatano nimebuni tu." Machozi yalimlengalenga.

Shangazi hakugomba. Alichukua rula, wakapanda hadi kwenye ufa. Kobe alipima mwenyewe, akarudia.

"Hamsini na tatu," alinong'ona.

Ufa ulikuwa umepanuka kwa milimita kumi na mbili. Shangazi akapiga simu: kwa mwalimu, kwamba safari imevunjwa, na kwa ofisi yake, kwamba njia ya shimoni ifungwe.

"Umekasirika?" Kobe aliuliza.

"Sana. Na ninashukuru vilevile kwamba umesema. Mwanangu, ungeacha nafasi tupu daftarini, ningepanda kupima mwenyewe. Namba ya uongo ndiyo iliyonipumbaza. Kushangaa mawe si kosa, hata mimi nilianza hivyohivyo. Ila ukiandika, kumbuka kuna watu watakaokanyaga juu ya ulichoandika."