Doa kwenye Shati la Ogeto

Siku hiyo ya soko, mwaka 1999, mji wa Kisii ulifurika watu hadi barabarani. Gesare, fundi cherehani kutoka Nyamira, alikimbia mvua akajikuta ndani ya ofisi ya kompyuta, gauni lake la manjano limemganda mwilini. Kijana wa kompyuta aliinua macho akasahau kuyashusha.

"Bwakire, mrembo. Unatuma barua pepe ama umekuja kunilowesha sakafu?"

"Nipe kiti kwanza, ndio uisikitikie sakafu yako."

Ndivyo alivyoanza na Ogeto, kijana huyo wa kompyuta. Kila siku Ogeto alipiga simu dukani kwa Kantilal, ambako Gesare alishonea barazani kwa cherehani ya kukodi.

"Gesare! Yule bwana yako ya kompyuta tena!" Kantilal aliita, na wateja wakacheka.

Ogeto ndiye aliyewaandikia watu barua pepe za kundi la Wagusii wa nyumbani na ng'ambo, waliokuwa wakiulizana maswali. Swali gumu likiwashinda, Kantilal alitoa zawadi kwa atakayelijibu, ila kwa sharti moja: mshindi aonyeshe jibu lake dukani, mbele ya watu. Safari hii zawadi ilikuwa cherehani mpya. Swali lilitoka kwa Persis, mwalimu wa Nyamache: utomvu wa ndizi hutokaje kwenye nguo nyeupe?

Gesare alilijua jibu tangu utotoni, na cherehani ile aliitaka kuliko kitu chochote. Alimtamkia Ogeto jibu, naye akaandika, macho yote yakiwa midomoni mwake.

"Umeweka jina langu?"

"Liko hapo chini, mpenzi."

Barua zote zilitoka kwa anwani moja ya ofisi, kwa hiyo jina la chini tu ndilo lililomtambulisha mtu. Ogeto aliweka lake.

Jina la mshindi lilipobandikwa dukani, Gesare hakulia. Simu ilipolia, alimwambia Kantilal, "Mwambie tutaonana siku ya zawadi." Asubuhi ya siku hiyo akakata kikonyo cha mkungu wa ndizi, kibichi, kinachotiririka.

Ogeto alifika na shati jipya jeupe, limepigwa pasi likanyooka. Gesare alimsogelea akitabasamu, akampaka utomvu kifua kizima.

"Pole, mpenzi. Haya, litoe."

Jasho likamtoka. "Leteni maji! Na sabuni!"

Alisugua. Doa likageuka kahawia, watu wakaangua kicheko.

"Ni mafuta ya taa, kabla maji hayajagusa nguo," Gesare alisema kwa sauti. "Uliandika kwa vidole vyako. Hukunisikia?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Na jina langu hukuliona?"

Ogeto aliinamisha kichwa. "Jibu ni la Gesare," aliwaambia watu. Kisha, polepole: "Nilitaka kukuletea hiyo cherehani mwenyewe, nikuchumbie. Ningekuja kwenu mikono mitupu?"

"Yaya, hapana! Uniibie changu, kisha unipe nikushukuru?"

Kantilal akamsukumia Gesare cherehani yake, naye akaondoka nayo bila kugeuka nyuma.

Wiki nyingi simu ililia pale dukani, Gesare asiinuke. Kila mlio ulimpa raha, na raha hiyo hakuionea aibu hata kidogo. Mwishowe Ogeto alikuja mwenyewe barazani, amevaa shati lile lile.

"Nimefua mpaka vidole vimechubuka. Halitoki."

"Kwenye shati halitoki tena, maji yameshaligusa. Ila dawa yake nyingine naijua."

"Nisaidie basi, Gesare. Nataka kuja Nyamira na wazee wangu."

Gesare alimtazama. Bado alimpenda, na jambo hilo lilimuudhi sana.

"Njoo Jumamosi. Na uvae hilo hilo, usithubutu kuvaa lingine. Baba atauliza doa ni la nini, na utamjibu mwenyewe, yote, wazee wako wakisikia."

"Na nikijibu?"

Gesare alirudisha mguu kwenye pedali ya cherehani yake.

"Swali ni gumu, Ogeto. Ukilijibu vizuri, utapata zawadi."