Sauti ya Mama Tecla

Wapendwa wa Nyakanazi, Mugoma na kwingineko, nawasimulia habari ya nyumba moja iliyoponea chupuchupu baada ya kupuuza.

Asubuhi hiyo njia panda ya Nyakanazi ilikuwa tulivu. Chapati zilinukia kwa jirani, na ndani ya studio yao ndogo ya video Adelfina alipangusa vumbi huku mumewe, Aristides, akipiga mluzi mbele ya kompyuta. Jumamosi mteja wao, Jovitha, angeolewa kule Mugoma. Mama yake, marehemu Tecla, alirekodiwa akiwa mgonjwa kitandani, akimbariki bintiye. Baraka hiyo ilikuwa ndani ya diski ya kompyuta hiyo, na haikuwapo pengine popote.

Ndipo diski ikalia: ta, ta, ta.

"Baba Iradukunda," Adelfina alimwambia mumewe taratibu, akimwita kwa jina la mtoto wao, "imelia tena. Tangu Pasaka nakwambia tuweke nakala."

"Hii inatumia Linux, mke wangu, si Windows. Haishikwi na virusi." Akaipiga kofi ubavuni kama redio ya zamani.

Jamani, nani kati yetu hajawahi kujibu hivyo? Lakini virusi ni ugonjwa mwingine, na diski iliyochoka ni ugonjwa mwingine.

Adhuhuri video ikaganda. Aristides alipowasha upya, faili la Mama Tecla likagoma kufunguka, na kioo kikajaa ujumbe wa hitilafu ya kusoma diski. Bado alikuwa akiusoma Jovitha alipopiga hodi.

"Shikamoo, kaka Aristides. Sauti ya mama iko tayari?"

"Marahaba. Iko... iko njiani."

"Njiani inatoka wapi?" Jovitha alicheka, kisha akasogea karibu. "Kaka, sura yake ninayo kwenye picha. Sauti sina."

Alipoondoka, Aristides akavuta kibodi. "Naiamuru ijirekebishe sasa hivi!"

Adelfina, ambaye hunong'ona hata anapoita kuku, akaweka mkono juu ya kibodi na kupaza sauti. "Usiguse! Ukiirekebisha, utaandika juu ya diski inayoumwa na kumaliza kilichobaki. Tunakili kwanza, kisha turekebishe hiyo nakala. Tulisoma darasa moja chuoni, Aristides. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa amepuuza tu.

Wakazima. Wakabadilisha waya wa diski, maana huenda ulilegea, wakawasha tena, lakini hitilafu zikarudi palepale. Basi diski yenyewe ndiyo mbovu. Nakala ilihitaji diski nyingine kubwa, na mwenye nayo karibu alikuwa Danstan wa Biharamulo mjini, mpiga picha ambaye Aristides alizoea kumdhihaki. Aristides akamfuata huko.

"Si wewe uliyeniita fundi wa picha za pasipoti?" Danstan aliuliza akitabasamu.

"Ni mimi. Nisamehe, na uniazime diski."

"Chukua. Ukiirudisha, rudi na heshima yangu."

Wakawasha kompyuta kwa Linux iliyokuwa kwenye flashi, ili ile diski mbovu isiandikwe chochote. Adelfina akatumia programu ya ddrescue, ambayo huchukua kwanza panaposomeka, huruka pabovu, kisha hurudi kupajaribu polepole. Aristides alikaa kando yake akisali rozari. Kesho yake alasiri kazi ikaisha. Wakairekebisha ile nakala, wakafungua faili. Picha ilikuwa nyeusi mwanzoni, lakini sauti ikatoka, nzima, na kikohozi chake kilekile. Aristides akamkumbatia mkewe, akalia kama mtoto.

Jumamosi, kule Mugoma, shangwe zilizimika ghafla Mama Tecla alipoanza kusema Kihangaza, lugha ya kwao, kwenye spika. Alimbariki Jovitha, akawaagiza wakwe wamtunze. Kisha, kama alivyozoea akiwa hai, akauliza: "Mmenisikia?"

Uwanja mzima ukaitika, "Tumekusikia, mama!" Vigelegele vikapasua anga, na Jovitha akainuka kucheza, machozi yakimtiririka.

Aristides akamwinamia Adelfina. "Na mimi nimekusikia," akasema.

FUNZO

Ndugu zangu, kupuuza huanza na mlio mdogo. Kitu cha thamani kisiwe na makao mamoja tu; weka nakala kungali mapema. Kikiharibika, tuliza mikono kabla ya kutengeneza, maana haraka huua kilichobaki. Na nyumbani kwako, msikilize anayesema kwa sauti ya chini. Nyumba hii iliokolewa siku sauti hiyo ilipopewa nafasi.